Sura ya Tano: Kuainisha Mauaji ya Watu Wengi, kwa Mtazamo wa Migori na Homa Bay

Kriminolojia, yaani elimu inayochunguza uhalifu, wanaoutenda na namna jamii inavyoukabili, huyatenga mauaji ya watu wengi na mauaji ya mtu mmoja kwa sababu iliyo wazi: aliyeua zaidi ya mara moja, au kundi lililoua zaidi ya mtu mmoja, huacha ushahidi wa aina nyingine, huhitaji upelelezi wa aina nyingine na huidai jamii kinga ya aina nyingine. Mpelelezi anayedhani kwamba anafuatilia ugomvi wa wapenzi, ilhali anayemtafuta amekwisha kuua wanawake wengine katika kaunti jirani, atawahoji watu wasiohusika na kumwachia mhusika nafasi ya kuua tena. Vivyo hivyo, hakimu, mwandishi wa habari au chifu anayeliita kila tukio la damu kwa jina moja hupoteza uwezo wa kuona kilicholizaa tukio hilo na kinachoweza kulizuia lisijirudie.

Kaunti za Migori na Homa Bay, zilizo kusini-magharibi mwa Kenya kando ya Ziwa Viktoria, ni mahali panapofaa kuupima uainishaji huo. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Homa Bay ilikuwa na wakazi 1,131,950 na Migori wakazi 1,116,436, wengi wao Wajaluo, pamoja na Wasuba wa Mbita na visiwa vyake na Wakuria wanaoishi mpakani na Tanzania. Huko wapo wavuvi, wakulima wa miwa wa Awendo na Ndhiwa na wachimbaji wa dhahabu wa Nyatike, na ipo barabara kuu itokayo Isebania kupitia mji wa Migori na Rongo hadi Kisii, ambayo kila siku hupitisha watu wasiojuana. Hoja ya sura hii ni kwamba mfumo wa uainishaji uliozoeleka vitabuni, ambao huanza na hesabu ya maiti na muda uliopita kati ya kifo na kifo, hufaa pale muuaji anapokuwa mmoja, lakini hupwaya pale wauaji wanapokuwa ukoo, umati, kundi la kisiasa au kiongozi wa dini na wafuasi wake, na kwa eneo hili hali hizo za mwisho ndizo zenye uzito mkubwa zaidi.

Vigezo vinne vya msingi

Uainishaji wowote wa mauaji ya watu wengi husimama juu ya vigezo vinne, ambavyo ni idadi ya waliouawa, muda, mahali na watendaji. Idadi huamua ni wapi mauaji ya kawaida yanakoma na ya watu wengi yanaanza. Muda huonyesha kama vifo vilitokea kwa pamoja au vilitenganishwa na kile ambacho wataalamu hukiita kipindi cha utulivu, yaani siku, miezi au hata miaka ambayo muuaji hurudi katika maisha yake ya kila siku, akafanya kazi, akala na jamaa zake na kusalimiana na majirani kabla ya kuua tena. Mahali huonyesha kama aliua katika eneo moja au alihama kutoka eneo hadi eneo, na kigezo cha watendaji huuliza kama aliyeua ni mtu mmoja, wawili walioshirikiana, au kundi lenye viongozi na watekelezaji.

Kati ya vigezo hivyo, idadi ndiyo inayoonekana kuwa ya uhakika zaidi, lakini kwa kweli ni makubaliano tu kati ya wataalamu, na makubaliano hayo yamebadilika mara kadhaa. Mwongozo mashuhuri wa kuainisha uhalifu uliochapishwa Marekani mwaka 1992, ulioandaliwa na wataalamu waliohusiana kwa karibu na shirika la upelelezi la FBI, ulitaka watu wanne au zaidi wafe mahali pamoja ndipo tukio lihesabiwe kuwa mauaji ya mkupuo, na ulitaka matukio matatu au zaidi yaliyotenganishwa na kipindi cha utulivu ndipo yaitwe mauaji ya mfululizo. Mwaka 2005 FBI iliwakutanisha wataalamu wa fani mbalimbali mjini San Antonio, na ripoti ya mkutano huo iliyotoka mwaka 2008 ikapunguza idadi hiyo hadi watu wawili waliouawa na mtu yule yule, au watu wale wale, katika matukio tofauti. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini Januari 2013 nayo ikayaeleza mauaji ya mkupuo kuwa ni vifo vitatu au zaidi katika tukio moja. Msomaji anayekutana na takwimu zinazosema kwamba nchi fulani ina wauaji wengi kuliko nyingine anapaswa kwanza kuuliza ni kipimo kipi kilichotumika, kwa kuwa tukio lile lile laweza kuhesabiwa na kitabu kimoja na kuachwa na kingine.

Aina tatu zilizozoeleka

Aina ya kwanza ni mauaji ya mkupuo, ambayo ni kuua watu kadhaa mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Kenya inaifahamu aina hii kwa uchungu: watu 67 waliuawa katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi katika shambulio lililoanza tarehe 21 Septemba 2013, na watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Hata hivyo, bunduki na ugaidi si njia pekee ya kuua kwa mkupuo. Mwezi Machi 2001 wanafunzi 67 wa Shule ya Upili ya Kyanguli, katika eneo la Machakos, walifariki baada ya bweni lao kuchomwa moto usiku. Daktari wa akili wa Marekani, Park Dietz, katika uchambuzi wake wa mwaka 1986, aliwagawa wauaji wa mkupuo katika makundi matatu: anayeiteketeza familia yake mwenyewe, anayejifanya askari wa vita kwa kukusanya silaha na kupanga shambulio, na anayetega kisha akaondoka, kwa mfano kwa moto, bomu au sumu, hivi kwamba wakati watu wanapokufa yeye hayupo tena.

Kundi la kwanza kati ya hayo matatu linastahili kuzingatiwa zaidi, kwa sababu hata Marekani, ambako magazeti huandika sana juu ya wanaofyatua risasi shuleni na madukani, sehemu kubwa ya mauaji ya mkupuo hutokea ndani ya nyumba na kuwahusu watu wa familia moja. Nchini Kenya, ambako raia wachache humiliki bunduki, mauaji ya namna hiyo hufanywa kwa panga, moto au sumu, na mara nyingi hutanguliwa na dalili ambazo ndugu na majirani waliziona: kipigo kilichozoeleka, vitisho vya wazi, mke aliyerudi kwao kisha akasihiwa arejee, ugomvi juu ya watoto au shamba. Polisi wa Kenya walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa nchini kati ya Agosti na Oktoba 2024, takwimu iliyoifanya serikali iunde jopo maalumu mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Wengi wa wanawake wanaouawa na wapenzi au waume zao huhesabiwa mmoja mmoja na kwa hiyo hawaingii katika orodha za mauaji ya watu wengi, lakini chanzo cha vifo vyao ni kile kile kinachozaa mauaji ya familia nzima, na kuvitenganisha viwili hivyo ni kosa la uchambuzi.

Aina ya pili inaweza kuitwa mauaji ya mpito, kwa kuwa muuaji hupita kutoka mahali pamoja hadi pengine akiua bila kupoa, yaani bila kile kipindi cha utulivu. Mfano wa Kenya ulitokea Novemba 2010 huko Siakago, katika eneo la Embu, ambapo konstebo wa polisi aliwapiga risasi na kuwaua watu 10 katika usiku mmoja, wakiwamo polisi wenzake, huku akihama kutoka sehemu moja ya mji huo mdogo hadi nyingine. Wataalamu waliokutana San Antonio walipendekeza aina hii iachwe, kwa hoja kwamba hakuna anayeweza kusema kwa hakika kipindi cha utulivu huanza baada ya saa ngapi, na kwamba kumjua muuaji kuwa ni wa mpito hakumsaidii mpelelezi kumkamata. Wanaoitetea hujibu kwamba aina hii humsaidia kamanda wa polisi, hata kama haimsaidii mpelelezi, kwa kuwa muuaji anayehama anahitaji barabara zifungwe na watu waonywe mara moja, ilhali aliyekwisha kuua na kutulia anahitaji subira na upelelezi wa kina.

Aina ya tatu ni mauaji ya mfululizo, ambayo huvuta hisia za watu kuliko nyingine zote na ambayo pia huthibitishwa kwa shida kuliko nyingine zote. Mwaka 2010 polisi wa Kenya walimkamata mtu aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi na kusema kwamba alikiri kuua watu 19. Mwezi Julai 2021 walimkamata kijana wa miaka 20 na kusema kwamba alikiri kuua watoto zaidi ya 10 katika muda wa miaka kadhaa, lakini Oktoba mwaka huo alitoroka katika kituo cha polisi cha Jogoo Road jijini Nairobi na siku chache baadaye akauawa na umati huko Bungoma, kabla mahakama haijapata nafasi ya kupima ukweli wa maneno aliyodaiwa kuyasema. Hapa pana tahadhari ya kisheria na ya kitaalamu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, ungamo halikubaliki mahakamani mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu au afisa wa polisi wa cheo kilichotajwa na sheria hiyo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya mtu mwingine aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Idadi inayotangazwa katika mkutano na waandishi wa habari bado ni madai, na orodha ya wauaji wa mfululizo inayojengwa juu ya madai haiwezi kuwa msingi wa elimu.

Nia na mipaka ya kuisoma

Baada ya kujibu nani, lini na wapi, wataalamu hujaribu kujibu kwa nini. Ronald Holmes na James De Burger, katika miaka ya 1980, waliwagawa wauaji wa mfululizo katika makundi manne: wanaosema wametumwa na sauti au maono, wanaojiona wana jukumu la kuondoa watu wa aina fulani duniani, wanaoua kwa ajili ya raha au faida, na wanaoua ili waonje mamlaka kamili juu ya mwanadamu mwingine. James Alan Fox na Jack Levin walitaja nia tano zinazopatikana katika mauaji ya mfululizo na ya mkupuo pia, ambazo ni kisasi, mamlaka, uaminifu, faida na kutia hofu. Kwa uaminifu walimaanisha hali ya kutisha ambapo mzazi humwua mtoto wake akiamini anamwokoa na mateso, au mfuasi huua ili kuonyesha utii kwa kiongozi wake.

Migawanyo hii ni msaada kwa fikra, lakini haipaswi kuchukuliwa kuwa sheria za maumbile. Mwanasaikolojia David Canter na wenzake, mwaka 2004, waliuchunguza mgawanyo maarufu wa wauaji waliojipanga na wasiojipanga kwa kutumia kesi 100 za Marekani, wakakuta kwamba sifa za makundi hayo mawili huchanganyika katika kesi nyingi na hazijitengi kama ilivyodaiwa. Tena, karibu mifano yote hii ilijengwa juu ya mahojiano na wafungwa wa Marekani na Ulaya, ambao waliua peke yao au wawili wawili, mara nyingi wakiwaua wageni, katika nchi ambazo kila kifo cha mashaka hupelekwa kwa mchunguzi wa vifo. Anayeibeba mifano hiyo kama ilivyo na kuileta Ndhiwa au Kehancha atawatafuta wauaji wa aina moja na kuwakosa wa aina nyingine waliopo mbele ya macho yake.

Pale ambapo muuaji si mmoja

Utafiti wa mauaji katika eneo hili haukuanza jana. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Paul Bohannan alihariri kitabu juu ya mauaji na kujiua katika jamii kadhaa za Afrika, wakiwamo Wasoga na Wagisu wa Uganda na Waluhya wa Kenya, na ndani yake imo sura ya G. M. Wilson juu ya Wajaluo wa Kenya. Mchango mkubwa wa kitabu hicho ulikuwa kuonyesha kwamba mauaji hufuata mistari ya jamii yenyewe, kwa maana kwamba ukitaka kujua nani humwua nani ni lazima ujue nani hudaiana na nani, nani huoa wapi, nani hurithi nini na nani humshuku nani. Funzo hilo linaonekana waziwazi katika aina nne za vifo vingi ambazo mgawanyo wa mkupuo, mpito na mfululizo hauzibebi vizuri.

Ya kwanza ni vifo vya uvamizi wa mifugo. Katika maeneo ya Kuria Mashariki na Kuria Magharibi, wizi wa ng'ombe kati ya koo za Wakuria, na kati yao na majirani wa Trans Mara na wa upande wa Tarime nchini Tanzania, umeua watu kwa miongo mingi. Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya wavamizi wa mifugo wa Kikuria, alieleza jinsi uvamizi ulivyobadilika kuwa biashara, ng'ombe wakiuzwa na bunduki zikiingia mahali pa silaha za jadi. Suzette Heald naye ameandika jinsi mwishoni mwa miaka ya 1990 Wakuria wa Kenya walivyoianzisha sungusungu, yaani ulinzi wa kijamii uliotokea Tanzania, chini ya mkutano wao wa jadi uitwao iritongo, ili kukomesha wizi huo. Vifo vya uvamizi mmoja vinaweza kuhesabiwa kuwa vya mkupuo, na vya kisasi kinachofuata baada ya wiki mbili vikahesabiwa tena kivyake, ilhali kwa wahusika ni vita vimoja vyenye kumbukumbu moja. Hapa kipindi cha utulivu ni cha ukoo mzima, na anayekivunja leo huenda hakuwapo katika uvamizi wa kwanza.

Ya pili ni mauaji ya umati, ambayo magazeti huyaita haki ya umati ingawa hayana haki ndani yake, pamoja na mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi. Mwezi Mei 2008, katika eneo la Kisii linalopakana na kaunti hizi mbili, watu 11 waliotuhumiwa kuwa wachawi waliuawa kwa kuchomwa moto, na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani katika Kaunti ya Kisii kwa tuhuma za namna hiyo hiyo. Tukio la 2008 ni la mkupuo kwa kipimo chochote, lakini wauaji wake walikuwa wengi, na hakuna nadharia ya akili ya mtu mmoja inayoweza kulieleza. Ugumu unaongezeka pale umati unapomwua mshukiwa mmoja wa wizi au mzee mmoja mwezi huu na mwingine baada ya miezi sita katika kata nyingine, kwa sababu kila tukio huandikwa kuwa mauaji ya mtu mmoja yaliyofanywa na watu wasiojulikana, na mfululizo mzima ukafichika. Ni sahihi zaidi kusema kwamba huo ni mfululizo usio na muuaji wa mfululizo: watendaji hubadilika, lakini waliouawa hufanana, tuhuma hufanana, mbinu hufanana, na tumaini la kutoadhibiwa hufanana.

Ya tatu ni mauaji ya kisiasa. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu huyagawa mauaji ya kukusudia katika makundi matatu mapana, yale yanayotokana na uhalifu mwingine, yale yanayotokana na mahusiano kati ya watu, na yale ya kijamii na kisiasa, na mgawanyo huu hulifaa eneo hili kuliko ule wa Marekani. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, 134 kati ya hivyo vikiwa katika mkoa wa Nyanza, ambao wakati huo ulijumuisha Migori na Homa Bay, na ikaeleza kwamba watu 405 nchini walikufa kwa risasi. Risasi nyingi zilikuwa za vyombo vya dola, jambo linalomlazimu mwanakriminolojia akiri kwamba muuaji wa watu wengi anaweza kuwa amevaa sare na kupokea amri, na kwamba uchunguzi wa vifo hivyo hauwezi kuachiwa chombo kile kile kilichofyatua.

Ya nne ni vifo vinavyotokea ndani ya makundi ya imani. Tangu Aprili 2023 maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na kiongozi wa kanisa, Paul Mackenzie, pamoja na wenzake wakashtakiwa mapema mwaka 2024 kwa makosa ya kuua bila kukusudia watu 238 na mauaji ya kukusudia ya watoto 191, mashtaka waliyoyakana. Miaka miwili baadaye, Aprili 2025, polisi waliwatoa watu 57 katika boma la kanisa moja la Opapo, karibu na Rongo katika Kaunti ya Migori, baada ya kubainika kwamba watu wawili, mmoja wao afisa wa polisi, walikuwa wamefariki na kuzikwa humo. Haifai kuliweka tukio la Opapo katika kapu moja na Shakahola kwa sababu tu yote mawili yanahusu kanisa na makaburi, kwa kuwa swali la kwanza katika kifo chochote ni kama kulikuwa na mauaji au la, na jibu lake hutoka kwa daktari anayeupasua mwili na kwa mahakama inayopima ushahidi. Lakini matukio yote mawili yanaonyesha kwamba mtu anaweza kufa kwa kunyimwa tiba au chakula, na Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 203, inatambua kwamba mauaji hutokea kwa tendo lisilo halali na pia kwa kuacha kutenda linalopaswa kutendwa.

Sheria inavyohesabu

Sheria ya Kenya haina kosa linaloitwa mauaji ya mfululizo wala mauaji ya mkupuo. Kila aliyeuawa ni shtaka lake, na Mahakama Kuu, yenye vituo Migori na Homa Bay, ndiyo yenye mamlaka ya kusikiliza kesi za mauaji ya kukusudia. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai huruhusu mashtaka kadhaa kuunganishwa katika hati moja iwapo yanatokana na ukweli mmoja au ni sehemu ya mfululizo wa makosa yanayofanana, na hapo ndipo lugha ya mwanakriminolojia inapokutana na ya mwanasheria. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua, tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, kwamba adhabu ya lazima ya kifo kwa mauaji inakiuka Katiba, jaji hupima uzito wa kosa kabla ya kutoa hukumu, na ni dhahiri kwamba idadi ya waliouawa na mpango uliotangulia vina nafasi katika kipimo hicho.

Hesabu ya kisheria, hata hivyo, haiendi sawa na hesabu ya mwombolezaji. Septemba 2018 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo aliyekuwa na mimba ya miezi saba alitekwa mjini Rongo, na mwili wake ukapatikana katika msitu wa Kodera, Kaunti ya Homa Bay, kesi iliyofika Mahakama Kuu huku washtakiwa wakikana makosa. Kwa familia waliopotea ni wawili. Kwa kifungu cha 214 cha Kanuni ya Adhabu, mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa kisheria pale tu anapotoka mzima tumboni mwa mamaye, na kumzuia mtoto anayekaribia kuzaliwa asizaliwe hai ni kosa la pekee chini ya kifungu cha 228, lenye adhabu inayoweza kufikia kifungo cha maisha. Mtafiti anayeandika takwimu analazimika kusema wazi ni hesabu ipi anayoifuata, bila kumwambia yeyote kwamba msiba wake ni mdogo.

Upofu wa kutoona kiungo

Kesi ya Kodera inafunza jambo jingine: mtu alichukuliwa katika kaunti moja, akapatikana katika nyingine, na kesi ikasikilizwa Nairobi. Mwanakriminolojia Steven Egger, mwaka 1984, alieleza tatizo la wapelelezi wa maeneo tofauti kushindwa kuona kwamba vifo walivyonavyo vina kiungo kimoja, kwa sababu hawabadilishani habari au hawaaminiani. Tatizo hilo ni zito zaidi pale mipaka inapokuwa mingi. Migori inapakana na Tanzania, na maji yake ya ziwa yanapakana na ya Uganda na Tanzania. Mwili unaotupwa mtoni au ziwani huweza kuopolewa mbali na mahali alipouawa mtu, ukahifadhiwa mochari bila jina, na ukazikwa na kaunti kabla alama za vidole hazijalinganishwa na orodha ya waliopotea. Mwanzoni mwa mwaka 2022 wanaharakati walipofichua kwamba maiti nyingi zilikuwa zimeopolewa katika Mto Yala, Kaunti ya Siaya, ilidhihirika kwamba miili ile ilikuwa imefika mochari mmoja mmoja kwa muda mrefu, na hakuna ofisi iliyokuwa imeuliza kwa sauti kama vifo hivyo vina mkono mmoja.

Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2017 Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo, ambayo ingetoa maafisa huru wa kuchunguza kila kifo cha ghafla, cha mashaka au kilichotokea mikononi mwa dola, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo haikutekelezwa kikamilifu, na mzigo ukabaki kwa polisi na kwa mahakimu wanaoendesha uchunguzi wa vifo chini ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Madaktari wa upasuaji wa maiti ni wachache, na familia nyingi, kwa hofu ya gharama za mochari au kwa haraka ya kuzika, huondoka na mwili bila kuacha kumbukumbu yoyote ya kisayansi.

Kwa hiyo uainishaji unaoufaa ukanda huu una hatua nne zinazofuatana. Kwanza, kila kifo cha mashaka kipasuliwe na kuandikwa, hata cha mtu asiyejulikana. Pili, iulizwe kama mkono ulioua ulikuwa wa mtu mmoja, wa watu wachache, wa umati, wa ukoo au wa dola. Tatu, uelezwe uhusiano kati ya aliyeua na aliyeuawa, kama ni wa nyumba moja, wa mpaka mmoja, wa imani moja au wa ugeni mtupu. Nne, na baada ya hayo yote, ndipo zihesabiwe maiti na kupimwa muda ili tukio lipewe jina. Serikali ya kitaifa inapaswa kuitekeleza sheria ya 2017 bila kuahirisha tena, serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zinapaswa kuzipa mochari zao wataalamu na vifaa vya kutambua miili, na wazee wa vijiji, machifu na viongozi wa makanisa wanapaswa kukataa maziko ya kimya ya mtu aliyekufa kwa mashaka, kwa maana kifo kisichoandikwa humwacha muuaji huru na humwacha anayefuata bila ulinzi.